Kiroboto Aliyeogopa Kuruka

Mwaka juzi ofisi ilinikatia tiketi ya ndege kwenda Mwanza, kikao cha siku mbili. Nilishukuru kwa adabu zote. Siku ya safari, saa kumi na moja alfajiri, wenzangu wakiwa bado wamelala, mimi nilikuwa stendi ya Mbezi na begi langu na mfuko wa korosho, natafuta basi langu katikati ya mabasi yanayonguruma. Niliingia Mwanza usiku, miguu imevimba hadi viatu vikagoma kuvulika. Bosi aliponiuliza, nikasema nilichelewa ndege.

Sikuchelewa. Hata njia ya uwanja wa ndege sikuishika. Naogopa ndege, na wala si ule woga wa kubana kiti na kusoma dua wakati wa kupaa. Wangu unaanza siku tiketi inapokatwa. Chakula hakipiti, usiku nahesabu mabati.

Basi usiku mmoja nilikuwa naperuzi simu nikitafuta watu wazima, wenye akili zao timamu, walio na ugonjwa kama wangu. Ndipo nikakutana na Jimmy Johnstone wa Celtic, klabu ya Glasgow kule Scotland. Si kwamba jina lilikuwa geni. Aliyekulia kwenye vijiwe vya mpira lazima amewahi kusikia wazee wakiitaja Celtic ya 1967. Nisichokijua ni kwamba yule winga aliyewakalisha chini mabeki wa Ulaya nzima alikuwa mwenzangu.

Alizaliwa Septemba 30, 1944, Viewpark, kitongoji cha wachimba makaa ya mawe kusini mashariki mwa Glasgow. Kitinda mimba katika watoto watano, baba mchimbaji. Viewpark si mbali na Blantyre, alikozaliwa Livingstone, yule yule wa Ujiji tuliyekaririshwa shuleni. Tena Celtic walipomsajili mwaka 1961 walimpeleka kwanza Blantyre Celtic, timu ya daraja la chini, akakomae kidogo. Kabla ya hapo alikuwa mwokota mipira pale pale Celtic Park.

Alikuwa mfupi, hakufika futi tano na nusu, mwembamba, nywele nyekundu zilizosimama kama moto wa kuni mbichi. Shujaa wake utotoni alikuwa Stanley Matthews, winga wa England. Aliposikia kwamba Matthews alitembea na viatu vizito ili akivaa njumu ajione mwepesi, Jimmy akachukua mabuti ya mgodini ya baba yake akaanza kukimbia nayo. Nyumbani alipanga chupa za maziwa akazipitia na mpira, huku na huku, mpaka mguu ukazijua zilipo bila jicho kuangalia.

Waskoti walimwita Jinky, kutokana na neno lao la kukwepa, kukata kona ghafla ukiwa kwenye mbio. Mtaani kwetu angeitwa Machenga na mambo yakaisha. Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Novemba 1966 Celtic walikwenda Nantes wakashinda 3-1, na magazeti ya huko yakampachika jina la kiroboto arukaye. Sijui kama mwandishi aliyelitunga alijua anamtania nani. Kiroboto gani anayeruka huku akifumba macho?

Kabla sijafika kwenye woga wake, nieleze kwanza alichokuwa anafanya uwanjani, maana takwimu hazisemi. Mechi 515 na magoli zaidi ya 120 ni hesabu nzuri, lakini zipo hesabu kubwa kuliko hizo. Ukitazama zile picha zenye chenga za mvua na rangi ya majivu, unachokiona kwanza ni kwamba anasimama. Anapokea mpira pembeni, halafu anasimama. Beki naye anasimama. Jimmy anainamisha bega la kushoto kidogo tu, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, na beki mzima, kilo themanini, anahama. Hapo ndipo kiroboto anaondoka upande wa pili. Winga mwingine angeshukuru Mungu akapiga krosi. Huyu alikuwa na tabia ya kumngoja beki ainuke, arudi, apigwe chenga tena.

Nilicheza winga ya kulia kwenye chandimu, mpira wa makaratasi na mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba za katani, kwa hiyo naielewa ile tamaa. Kuna raha katika kumpita mtu mara ya pili ambayo haina faida yoyote kwa timu. Kaka aliyekuwa anatupanga alikuwa akiniona tu narudi nyuma anaanza kupiga kelele, "Achia mpira, we mtoto! Achia!" Nikikataa, anaingia uwanjani mwenyewe kunitoa.

Jimmy naye alitolewa. Msimu wa 1968 kocha Jock Stein alimfanyia sabu kwenye mechi na Dundee United, na yeye akiwa anatoka akaivua jezi akaitupa kwenye benchi alipokaa kocha. Alisimamishwa wiki nzima. Stein, mchimba makaa wa zamani mwenye mwili wa mlango wa ghala, aliwahi kusema kwamba angependa akumbukwe kwa kumweka yule mdogo kwenye mpira miaka mitano zaidi ya ambavyo angedumu bila yeye. Alikuwa na watu wake kwenye baa. Jimmy akionekana kaunta usiku wa kuamkia mechi, simu inapigwa.

Timu yenyewe ilikuwa ajabu. Vijana wote wa kikosi kile cha 1967 walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka Celtic Park. Fikiria timu inayotwaa ubingwa wa Afrika ikiwa na wachezaji waliotoka kati ya Kariakoo na Kibaha, basi. Mwaka ule walishinda kila shindano waliloingia, matano. Mei 6 walihitaji sare tu Ibrox, nyumbani kwa watani wao Rangers, wautwae ubingwa wa ligi. Mvua ilikuwa inanyesha na uwanja umekuwa matope. Jimmy alifunga magoli yote mawili katika sare ya 2-2. La pili alikata kuingia ndani kutoka pembeni akaachia shuti la mguu wa kushoto kutoka mbali, likaingia juu kabisa, la mguu ambao haukuwa hata mguu wake. Jukwaani alikuwepo Helenio Herrera, kocha wa Inter Milan, amekuja kuwapeleleza.

Siku kumi na tisa baadaye walikutana Lisbon, Mei 25, fainali ya Kombe la Ulaya. Jimmy alipenda kusimulia walivyopangwa kwenye korido kabla ya kuingia. Upande huu Wataliano warefu, wamechomwa na jua vizuri, nywele zimelala kwa mafuta, tabasamu za kwenye sinema. Upande wa pili wao, wafupi, weupe kama maziwa ya mtindi, na wengine hawana meno. Hiyo ya meno si chumvi. Kadhaa kati yao walikuwa na meno ya bandia na waliyahifadhi ndani ya kofia ya kipa Ronnie Simpson, kofia ikawekwa golini, ili mechi ikiisha wayavae haraka kabla ya kupigwa picha na kombe. Kwenye korido ile ile mwenzao Bertie Auld akaanzisha wimbo wa klabu, wengine wakaitikia, na Wataliano wakabaki wanatazamana.

Inter walipata penalti mapema, Mazzola akafunga, kisha wakajifungia nyuma kama kawaida yao. Celtic waliwashambulia mpaka Tommy Gemmell akasawazisha kwa shuti kali dakika ya 63, na Stevie Chalmers akamaliza kazi zikiwa zimebaki kama dakika sita. Jimmy hakufunga. Kazi yake ilikuwa kumtoa beki wake kule alikozoea kukaa, na aliifanya. Siku chache baadaye, Juni 7, Real Madrid waliwaalika kwenye mechi ya kumuaga nyota wao wa zamani, Alfredo Di Stéfano. Celtic wakashinda 1-0, Bobby Lennox akifunga kwa pasi ya Jimmy, na Wahispania pale Bernabéu wakawa wanamwitikia kila akigusa mpira, "Olé!", kama vile anayekimbizana naye ni fahali. Mwisho wa mwaka alishika nafasi ya tatu kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya.

Sasa ndege.

Woga wake, inavyosimuliwa, ulianzia kwenye safari ya kurudi kutoka Marekani, ndege ilipokutana na hewa mbaya ikashuka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba. Baada ya hapo alipanda ndege, kwa sababu kazi ilimtaka apande, lakini kila safari ilikuwa adhabu. Na klabu yake, kwa bahati mbaya yake, ilikuwa ya mabingwa. Ukishinda, unasafiri.

Novemba 13, 1968, Red Star Belgrade walikuja Glasgow kwenye raundi ya pili ya Kombe la Ulaya. Red Star walikuwa timu nzito na marudiano yalikuwa kwao wiki mbili baadaye. Bobby Murdoch alitangulia kufunga, Lazarević akasawazisha, wakaenda mapumziko 1-1. Jimmy alikuwa kipindi chote cha kwanza kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ni wazi alikuwa keshaanza kuiona ile safari ya Belgrade mbele yake. Mimi najua, ndivyo inavyokuwa.

Stein akamsogelea kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakufoka. Alimwambia hivi: tukishinda kwa tofauti ya magoli manne, marudiano huendi. Unabaki nyumbani.

Hebu tafakari hesabu hiyo. Matokeo ni 1-1, zimebaki dakika 45, na kocha anamwambia mchezaji kwamba bei ya kutopanda ndege ni magoli manne bila majibu, dhidi ya mabingwa wa Yugoslavia. Mtu mwingine angecheka. Jimmy alitoka humo kama mwizi aliyeona geti liko wazi. Dakika mbili tu za kipindi cha pili, akafunga. Dakika tatu baadaye akamtengenezea Bobby Lennox, 3-1. Kisha Willie Wallace akaingiza la nne, 4-1. Bado moja. Akawa anaomba mpira kila mahali, hata kusikomhusu, anawafokea wenzake waliokuwa wanataka kupumzika na ushindi ambao kwa mtu yeyote mwingine ulikuwa unatosha. Zikiwa zimebaki dakika chache akaingiza la tano mwenyewe.

Wenzake wanasema alikimbia uwanjani mikono juu akipiga kelele, "Siendi! Siendi!"

Watu elfu sitini na kitu walidhani anashangilia goli.

Nimeisoma habari hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na kila mara nacheka, halafu nanyamaza. Watu huielezea kama kichekesho cha mtu mwoga. Kwangu ndiyo dakika 45 bora za mpira nilizowahi kusoma, na zilichezwa na mtu aliyekuwa anaukimbia woga wake. Kilichofuata nakipenda zaidi. Miljan Miljanić, kocha wa Red Star, alimwomba Stein amlete Jimmy hata hivyo, Belgrade nzima inataka kumwona. Stein akajaribu kumbembeleza. Ahadi ni ahadi, Jimmy akabaki Viewpark. Celtic wakatoka sare 1-1, wakapita.

Wanaosema alikuwa mwoga wangetazama miguu yake. Enzi zile beki aliruhusiwa kukanyaga kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka 1967, kwenye mechi tatu za Kombe la Mabara dhidi ya Racing ya Argentina, alipigwa na kutemewa mate mpaka ikabidi aoshe nywele wakati wa mapumziko. Kwenye mechi ya tatu, kule Montevideo, uvumilivu ukaisha akatolewa nje. Hata huko, kumbuka, alifika kwa ndege. Aprili 1974 Atlético Madrid walikuja Glasgow kwenye nusu fainali wakamgeuza ngoma. Watatu kati yao walitolewa nje na bado ikaisha 0-0. Kabla ya marudiano simu ikapigwa Madrid kwamba Johnstone atauawa akiingia uwanjani. Inasimuliwa kwamba alipomwendea Stein akitetemeka, Stein, ambaye naye alikuwa ametishiwa, alimjibu kwamba wewe angalau utakuwa unakimbia na kukata kona. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi, wananilenga kama nazi. Akaingia, akacheza. Walifungwa 2-0.

Mwezi uliofuata ndio ule wa boti. Scotland walikuwa wameifunga Wales na timu ililala Largs, mji mdogo wa pwani. Kulipokaribia kucha, baada ya vinywaji, wachezaji walishuka ufukweni, Jimmy akaingia kwenye kiboti, na mwenzake Sandy Jardine akakipiga teke la utani. Kiboti kikaondoka na mkondo. Yeye akasimama ndani akiimba, mpaka waliokuwa nchi kavu wakaona utani umegeuka. Waliojaribu kumfuata walikuta boti lao linavuja. Walinzi wa pwani ndio waliomtoa. Magazeti yakamchambua kama karanga. Siku ya Jumamosi, Mei 18, Scotland wakaifunga England 2-0 pale Hampden, Jimmy akawa mmoja wa waliong'ara, na mechi ilipoisha akageukia jukwaa la waandishi akawaonyesha vidole viwili. Kwa Kiswahili cha adabu hakuna tafsiri.

Hewani anatetemeka, baharini gizani anaimba. Nimejaribu kulipatia hili maelezo nikashindwa.

Scotland wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, na hapa ndugu zetu wanaingia kwenye hadithi. Mechi yao ya kwanza, Juni 14, 1974, Dortmund, ilikuwa dhidi ya Zaire. Katika timu ile walikuwemo kipa Kazadi Mwamba na beki Mwepu Ilunga, watu wa Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Scotland walifunga mawili kipindi cha kwanza, kisha wakapoa, wakaridhika. Yugoslavia wakaja kuifunga Zaire 9-0, Brazil wakaifunga 3-0. Scotland walitoka sare na hao wote wawili, wakarudi nyumbani bila kufungwa hata mechi moja, kwa sababu Brazil waliwazidi goli moja tu. Kila Mskoti wa umri fulani anakukumbuka kule kuridhika dhidi ya Zaire. Mimi nakumbuka kitu kingine: Jimmy Johnstone hakuchezeshwa hata dakika moja kwenye mechi zote tatu. Kocha aliyekuwa na Yugoslavia siku ya sare ya 1-1 alikuwa Miljanić yuleyule aliyewahi kuomba aletewe. Safari hii aliletwa, na hakuna aliyemwingiza.

Mwaka 1975 Celtic walimwachia, akiwa na miaka 30, mataji tisa mfululizo ya ligi nyuma yake. Yaliyofuata nayapita haraka kwa sababu hata yeye aliyapita hivyo: San Jose kule Marekani, Sheffield United, mechi chache Dundee, Shelbourne ya Dublin, Elgin kaskazini kabisa. Pombe ilikuwa imeshakaa na yeye mwenyewe hakuificha baadaye. Aliendesha lori, akafanya vibarua vya ujenzi. Mchezaji wa tatu kwa ubora Ulaya, koleo mkononi.

Mwaka 2001 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa neva unaoua misuli mmoja mmoja huku akili ikibaki macho, inatazama. Sina haja ya kueleza maana yake kwa mtu wa aina yake. Mwaka 2002 mashabiki wa Celtic walimpigia kura kuwa mchezaji bora wa klabu wa wakati wote. Alifariki Machi 13, 2006, akiwa na miaka 61.

Siku sita baadaye Celtic walicheza fainali ya Kombe la Ligi na Dunfermline, wakashinda 3-0. Enzi za Jimmy jezi ya Celtic haikuwa na namba mgongoni, namba zilikaa kwenye bukta, na yeye alikuwa saba. Kwenye fainali ile wachezaji wote wa Celtic, kuanzia kipa, walivaa bukta zenye namba saba.

Mwezi ujao kuna kikao kingine Mwanza. Safari hii bosi ameuliza mapema kama nitachelewa tena, na nimemwambia ukweli. Amecheka, halafu akasema ripoti ya robo mwaka ikifika mezani kwake kamili kabla ya Ijumaa, nisafiri nitakavyo. Leo ni Jumatano, saa saba usiku, na zimebaki kurasa nne. Tiketi ya treni hadi Dodoma nimeshakata. Kutoka hapo nitachukua basi.